Tumbo la Mzee Likikataa Chakula

Mzee wa miaka 76 anaanza kubakiza chakula. Ugali aliokuwa akiumaliza na kuomba nyongeza sasa anaumega mara nne au tano, anasogeza sahani na kusema ameshiba. Mkewe anadhani mboga imekosa chumvi. Watoto wanasema baba ameshakuwa mtu mzima, na wazee hawali sana. Baada ya mwezi suruali inahitaji mkanda, baada ya miezi mitatu mkanda unahitaji tundu jipya, na jibu la nyumbani ni lile lile: uzee.

Ipo saratani ya tumbo inayoanza hivyo hivyo, kwa kushiba upesi na kukonda taratibu, mara nyingi bila uvimbe unaopapasika wala maumivu ya kumlaza mtu. Madaktari huiita linitisi plastika. Ni nadra, kwani kati ya saratani zote za tumbo inakadiriwa kuwa moja katika kila kumi au pungufu ya hapo. Ni kali pia, maana wagonjwa wachache hufikisha miaka mitano baada ya kugunduliwa, hata miongoni mwa waliofanyiwa upasuaji. Inapomwangukia mzee hupata maficho mazuri, kwa sababu kila dalili yake inafanana na jambo ambalo tumezoea kulipitisha kwa wazee: kula kidogo, kuchoka, kupungua mwili, kukaa kimya.

Nia ya makala haya ni kuueleza ugonjwa huo. Nia nyingine, iliyo kubwa zaidi, ni kuipinga tabia ya kuufanya umri kuwa jibu la kila kitu, kabla ya vipimo na hata baada ya vipimo.

Ukuta unaokakamaa

Saratani nyingi za tumbo hukua mahali pamoja kama uvimbe au kidonda. Kamera huuona, koleo dogo hunyofoa kinyama, maabara hutoa jibu. Linitisi plastika haifuati njia hiyo. Seli zake hupenya moja moja chini ya utando wa ndani wa tumbo, yaani ule mfuko unaopokea chakula, kisha huenea ndani ya ukuta wake. Kila zinakopita huuchochea mwili kujenga nyuzi ngumu za kovu. Ukuta hunenepa na kukakamaa hadi mfuko uliokuwa ukitanuka kwa kila mlo unabaki kama kiriba cha ngozi kilichokaukia juani. Ndiyo maana matonge manne yanatosha kumshibisha mtu: nafasi imekwisha.

Jina la ugonjwa huu lilitolewa katika karne ya 19 na William Brinton, daktari wa London. Mwaka 1965 mtaalamu wa patholojia wa Finland, Pekka Laurén, alizigawa saratani za tumbo katika makundi makuu mawili, na mgawanyo wake unatumika hadi leo. Kundi la kwanza hujenga uvimbe wenye mpangilio unaofanana na tishu za utumbo. Kundi la pili hutawanyika, na linitisi plastika imo humo. Chini ya hadubini nyingi ya seli za kundi hili zina umbo la pete ya muhuri, kwani kila seli imejaa ute uliokisukuma kiini chake hadi ukingoni.

Sababu ya kutawanyika huko inafahamika kwa kiasi kikubwa. Seli za kawaida za tumbo hushikana kwa msaada wa protini iitwayo E-kadherini. Katika saratani hizi protini hiyo mara nyingi hupotea au huharibika, na seli zikikosa cha kuzishikanisha kila moja hushika njia yake. Daktari anayetafuta bonge la nyama halipati, kwa sababu bonge halikuwahi kujengwa.

Umri unaongeza mkanganyiko. Saratani za kutawanyika huwapata watu wa umri mdogo kwa wingi zaidi kuliko zile za kundi la kwanza, ilhali wazee kwa kawaida hupata zile za uvimbe. Kwa hiyo hata tabibu makini anayempima mzee huwa anatazamia kuona uvimbe au kidonda. Asipokiona, ni rahisi kumrudisha mzee nyumbani na habari njema isiyo ya kweli.

Kamera inapoona na isipoona

Katika chumba cha endoskopi dalili ya kwanza ya ugonjwa huu mara nyingi hutolewa na hewa. Mgonjwa amelala ubavu wa kushoto, ameuma kipande cha plastiki chenye tundu, kooni amepuliziwa dawa ya ganzi. Daktari anapitisha mpira mwembamba wenye kamera hadi tumboni, kisha anapuliza hewa ili mikunjo ya ndani ifunguke. Katika tumbo lenye afya mikunjo hulainika na kutandazika. Katika tumbo lenye linitisi hubaki minene na imesimama, haitikisiki, na mgonjwa huanza kubeua kwa sababu hewa haina pa kukaa. Pamoja na hayo, utando wa juu unaweza kuonekana hauna kasoro. Vinyama vikinyofolewa juujuu tu, maabara inaweza kuandika kwamba hakuna saratani, na itakuwa imesema kweli kuhusu vinyama ilivyoletewa.

Hapo ndipo uzoefu unapomwokoa mgonjwa. Daktari aliyeiona hali hii hunyofoa kinyama juu ya kinyama mahali pale pale ili afike kwenye tabaka la chini. Huagiza CT scan kutazama unene wa ukuta, au picha ya eksirei baada ya mgonjwa kunywa bariamu, ambayo huonyesha tumbo jembamba lililokaza kama bomba. Palipo na vifaa, hutumia endoskopi yenye altrasaundi ichunguzayo ukuta kutoka ndani, na hupitisha kamera kwenye tundu dogo la fumbatio kuona kama seli zimeshatapakaa nje ya tumbo. Jambo ambalo familia inapaswa kulijua ni hili: jibu moja la “hakuna saratani” halifungi faili ikiwa mzee anaendelea kukonda.

Zipo pia dalili zinazohitaji macho na vidole tu. Katika Hospitali ya St. Mary’s mjini Rochester, jimbo la Minnesota, Marekani, mtawa muuguzi Mary Joseph Dempsey alikuwa akiwaandaa wagonjwa wa daktari bingwa wa upasuaji William Mayo. Alipokuwa akisafisha matumbo yao aligundua kwamba wenye kinundu kigumu kitovuni walikutwa na saratani iliyokwisha kuenea ndani. Mwaka 1949 daktari Mwingereza Hamilton Bailey alikiita kinundu hicho kwa jina la mtawa huyo, na wanafunzi wa udaktari duniani kote hukisoma. Dalili nyingine ni tezi ngumu juu ya mtulinga wa kushoto, iliyoelezwa na Mjerumani Rudolf Virchow katika karne ya 19. Tezi hiyo na kinundu hicho hutokea ugonjwa ukiwa umefika mbali, lakini hata mganga wa zahanati isiyo na umeme anaweza kuvipapasa na kuandika rufaa siku hiyo hiyo.

Vidonda vya tumbo, ugonjwa wa kila mtu

Afrika Mashariki mzee mwenye tumbo linalosumbua huanzia duka la dawa. Anaeleza kiungulia na kujaa gesi, anapewa vidonge vya magnesiamu. Visipotosha anapewa omeprazo, na anapata nafuu. Nafuu hiyo ndiyo mtego wenyewe. Dawa inayopunguza tindikali inaweza kutuliza maumivu hata ya tumbo lenye saratani, na wakati mwingine hufanya kidonda cha saratani kionekane kama kinapona. Miezi inapita mzee akiwa na jina la ugonjwa alilopewa bila kipimo: vidonda vya tumbo.

Gharama ya miezi hiyo inajulikana. Mwaka 2012 madaktari wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, walichapisha mapitio ya wagonjwa 232 wa saratani ya tumbo waliotibiwa hapo. Wengi mno walikuwa wamefika ugonjwa ukiwa katika hatua za juu, wakati ambapo kisu hakiwezi tena kuumaliza. Picha hiyo haina tofauti kubwa na ile wanayoikuta madaktari wa Nairobi, Kampala au Moshi.

Nchi nyingine zimeweka mstari ulio wazi. Mwongozo wa Uingereza unataka mtu wa miaka 55 au zaidi aliyepungua uzito na mwenye maumivu ya tumbo la juu, kiungulia au chakula kutosagika, apelekwe kwenye endoskopi kwa haraka. Anayepata taabu kumeza hupelekwa kwa umri wowote. Korea Kusini hupima raia wake wenye miaka 40 na kuendelea kila baada ya miaka miwili. Hatuna mashine za kuwapima watu wote, lakini tunao uwezo wa kukubaliana juu ya nani asiendelee kupewa vidonge bila kutazamwa: mwenye umri mkubwa ambaye shida ya tumbo imemwanza ukubwani, anayekonda, anayetapika mara kwa mara, anayepata choo cheusi kama lami, au aliyepimwa akakutwa na upungufu wa damu usio na maelezo. Mzee mwenye mojawapo ya mambo hayo anahitaji kamera kabla ya pakiti nyingine ya dawa.

Tanzania, kwa Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, inamtambua mzee kuanzia miaka 60 na imeahidi kuwahudumia bure wasio na uwezo. Ahadi hiyo ni njema, ila haina maana kwa mzee ambaye hospitali iliyo karibu naye haina endoskopi, na nauli ya kwenda iliko inazidi mauzo ya mahindi yake ya msimu. Kupeleka kipimo hiki katika hospitali za mikoa, pamoja na mtaalamu wa patholojia wa kusoma vinyama, kungeokoa maisha mengi.

Inatoka wapi

Saratani ya tumbo kwa ujumla bado ni ya tano duniani kwa wingi wa wagonjwa na kwa wingi wa vifo. Mwaka 2022 ilikadiriwa kuwapata watu zaidi ya 960,000 na kuua takribani 660,000. Chanzo kikubwa ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori, aliyetambuliwa Perth, Australia, na Robin Warren na Barry Marshall mwanzoni mwa miaka ya 1980. Marshall aliwanywa bakteria hao mwaka 1984 ili kuthibitisha kwamba wanaleta uvimbe wa utando wa tumbo, akaugua, akatibiwa akapona. Mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilimtaja bakteria huyo kuwa kisababishi cha saratani, na mwaka 2005 wanasayansi hao wawili walipewa Tuzo ya Nobel.

Waafrika wengi hubeba bakteria huyo tangu utotoni, nasi wengi hatupati saratani. Mwaka 1992 daktari Chris Holcombe aliliita jambo hilo fumbo la Afrika. Sehemu ya jibu ni kwamba endoskopi zetu ni chache na saratani nyingi hazihesabiwi. Sehemu nyingine ni jiografia, kwa kuwa nyanda za juu, kuanzia Kilimanjaro na Mlima Kenya hadi Rwanda, Burundi na Kivu, zimeripotiwa kuwa na wagonjwa wengi kuliko maeneo mengine ya ukanda huu. Vyakula vyenye chumvi nyingi na vilivyokaushwa kwa moshi huongeza hatari, na tumbaku vilevile.

Kwa saratani za kutawanyika kuna jambo jingine ambalo wajukuu wanapaswa kulisikia. Mwaka 1998 Parry Guilford na wenzake wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, walieleza habari za ukoo wa Wamaori uliokuwa ukipoteza watu kwa saratani ya tumbo kizazi baada ya kizazi. Walikuta hitilafu katika jeni ya CDH1, ile inayotengeneza E-kadherini. Tangu hapo wengi waliorithi hitilafu hiyo hushauriwa kuondolewa tumbo wakiwa bado wazima. Wagonjwa wengi wa linitisi hawana urithi huo. Hata hivyo, familia ambayo babu, shangazi na binamu wameugua saratani ya tumbo haina budi kumweleza daktari mlolongo wote, kwa kuwa mzee anayeugua leo anaweza kuwa onyo la kuwaokoa walio nyuma yake.

Kutibu mtu, si tarehe ya kuzaliwa

Tarehe 29 Januari 1881, Vienna, Theodor Billroth alikata sehemu ya tumbo lenye saratani na mgonjwa wake akapona upasuaji huo, jambo lililokuwa limewashinda waliomtangulia. Aliishi takribani miezi minne. Mwaka 1897, Zürich, Carl Schlatter alimwondolea mama wa miaka 56 tumbo lote, na mama huyo akaishi zaidi ya mwaka mmoja. Tangu wakati huo dunia inajua kwamba binadamu anaweza kuishi bila tumbo. Anakula kidogo kidogo mara sita kwa siku, anachomwa sindano za vitamini B12 maisha yake yote, na akila vitu vitamu kwa pupa anaweza kutokwa jasho na moyo kumwenda mbio.

Linitisi ikigunduliwa kabla haijatoka nje ya ukuta, upasuaji wa kuondoa tumbo zima pamoja na tezi zake, ukiambatana na dawa za saratani za dripu, ndio unaotoa tumaini la kupona. Swali linalowagonganisha watu ni kama mzee wa miaka 76 ataumudu. Watoto husema amezeeka mno. Wakati mwingine tabibu naye husema hivyo baada ya kusoma umri kwenye cheti, kabla hata ya kumwona mgonjwa akitembea.

Wataalamu wa afya ya wazee wana njia ya haki zaidi. Humpima mzee mzima: anatembea peke yake au anashikwa, anajiogesha, anakumbuka vizuri, moyo na figo vinafanya kazi kwa kiwango gani, amepungua kilo ngapi, anakaa na nani, nani atampikia. Wapo wenye miaka 78 wanaolima ekari yao na watatoka salama upasuaji mkubwa. Wapo wenye miaka 65 ambao kisu kitawamaliza kabla ya saratani. Umri ulioandikwa kwenye cheti hauwatofautishi.

Hata dawa za dripu zinaweza kupimwa kwa mzani wa mgonjwa. Utafiti wa Uingereza ulioitwa GO2, uliochapishwa mwaka 2021, uliwagawa wagonjwa 514 wazee au dhaifu, wenye saratani ya tumbo au umio iliyokwisha kuenea, katika viwango vitatu vya dozi. Waliopewa kiwango cha chini, asilimia 60 ya dozi kamili, ugonjwa wao haukukimbia zaidi kuliko wa wenzao, madhara yalipungua, na kwa ujumla walinufaika na tiba kwa namna walioithamini wenyewe. Kati ya dozi kamili inayomlaza mtu kitandani na kumwacha bila chochote, kumbe ipo njia ya katikati, na ina ushahidi.

Mwambieni mwenye mwili

Majibu yakitoka, mara nyingi kijana mkubwa humfuata daktari koridoni na kumwomba kwa sauti ya chini: “Daktari, tafadhali usimwambie mzee, atakata tamaa.” Mzee anarudishwa nyumbani akiambiwa ni vidonda. Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa mwenyewe ndiye anayefichwa maradhi, na wanaoficha ni wale wanaompenda.

Mapenzi hayo ni ya kweli, na bado yanamnyang’anya mengi. Mzee ana shamba ambalo mipaka yake anaijua peke yake. Ana deni analotaka kulilipa na ndugu anayetaka kupatana naye. Mwislamu ana wasia wa kuandika, Mkristo ana kuungama. Pengine angependa kukataa upasuaji na kwenda kuishi alikozaliwa, na pengine angependa kupambana hadi dripu ya mwisho. Hawezi kuchagua asichokijua. Tena mara nyingi anajua, kwani amelihisi tumbo lake kila siku, naye ananyamaza ili asiwatie watoto wake huzuni. Nyumba nzima inaishi na siri ambayo kila mtu anaifahamu.

Kumweleza kunahitaji adabu, na adabu tunayo. Mtu mmoja anayemheshimu hukaa naye chini baada ya shikamoo, humuuliza kwanza angependa kujua kiasi gani, na akitaka kujua humjibu kwa maneno yanayoeleweka. Akisema wanawe waamue kwa niaba yake, hilo pia ni jibu lake, na liheshimiwe.

Maumivu yana dawa

Ugonjwa usiopona bado una tiba. Tiba shufaa hulenga kumwondolea mgonjwa maumivu, kichefuchefu na hofu, na inapaswa kuanza mapema, sambamba na tiba nyingine. Uganda imeonyesha njia. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, akitumia mofini ya maji ambayo gharama yake ni ndogo: unga wa mofini, maji, kihifadhi, na rangi ya kutofautisha nguvu za chupa moja na nyingine. Mgonjwa huinywa nyumbani kwake kwa kipimo. Mwaka 2004 Uganda ilibadilisha sheria ili wauguzi na maafisa tabibu waliofunzwa waweze kuiandika, na hivyo dawa ikavifikia vijiji ambavyo daktari hafiki. Tanzania, Taasisi ya Saratani Ocean Road na baadhi ya hospitali za makanisa hutoa huduma ya aina hiyo, na familia ina haki ya kuidai. Mofini ikitolewa kwa utaratibu kwa mwenye maumivu ya saratani haimgeuzi kuwa mraibu wala haimharakishii kifo. Humpa usingizi na nguvu ya kuzungumza na wajukuu.

Kuna jambo moja linaloumiza wagonjwa wa saratani hii kuliko sindano, nalo hutoka jikoni. “Jitahidi baba, kijiko kimoja tu.” Kijiko kinaongezwa kingine, tumbo halina nafasi, mzee anatapika mbele ya watu na kuona haya. Mwili uliofika hatua hiyo hautumii tena chakula kama zamani, na kumlazimisha hakumwongezei siku. Uji mwepesi nusu kikombe akiutaka, mchuzi wa supu, maziwa mgando, midomo kulainishwa kwa maji, na mtu wa kukaa naye wakati wengine wanakula: hayo ndiyo malezi anayoyahitaji.

Hatari ya saratani ya tumbo hupanda kadiri miaka inavyopanda. Kwa hesabu hiyo, umri mkubwa ni sababu ya kumpima mtu upesi kuliko mwanawe mwenye dalili zile zile, na hatuna haki ya kuufanya kuwa sababu ya kumsubirisha. Tukilishika hilo nyumbani, kwenye duka la dawa na kwenye chumba cha daktari, wapo wazee watakaogunduliwa mapema wakapona. Wapo pia ambao hawatapona, lakini watakuwa wametulizwa maumivu, wameambiwa ukweli, na wameamua wenyewe jinsi ya kuzitumia siku zao. Walituuguza tulipokuwa wachanga bila kuuliza kama tungeishi muda mrefu wa kuwalipa, na deni hilo halina umri wa kustaafu.